Muulize Mwenzangu

4 Februari

Kwa Dada yangu Daktari,

Pokea salamu za upendo na za heshima, ingawa najua wewe heshima huipima kwanza ndipo uipokee. Huku tu wazima. Mama amepata miwani mipya, na sasa anaona vumbi ambalo sisi hatukujua kama lipo, kwa hiyo nyumba imefagiliwa wiki nzima na hakuna aliyepumzika. Goti lake humsumbua asubuhi, na likishapata joto humwachia. Anasema tuendelee kuandikiana barua, kwa kuwa tangu alipotupiga marufuku kujadiliana kwa simu, majirani wamerudi kumsalimia.

Kitinda mimba wetu amehamia kwake kwa muda. Mumewe, Fundi, amepata kazi ya kufunga majokofu mji wa pili, na kwa kuwa ana mimba changa, tumeona ni vyema akae penye watu.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Jumapili, baada ya ibada, alinifuata ofisini nikiwa navua joho. Akaniuliza kwa nini yule mtoto aliyezaliwa kati yako na yeye alinyonya vizuri, akalazwa, na hakuamka. Hakuuliza kwa kulia. Aliuliza kama mtu anayeuliza basi linaondoka saa ngapi. Yeye hakumwona mtoto yule. Mimi na wewe tulimwona. Anataka kujua lilikuwa jambo gani, na kama linaweza kumfuata mwanawe.

Nilimjibu. Lilikuwa jibu la kichungaji, lililopimwa vyema, na nina imani kwamba limemtosha. Naomba kujua kama amekuuliza na wewe, na kama umemgongea ule muhuri wenu. Sijasahau siku uliyonitembeza hospitalini ukanionyesha, kwa fahari kabisa, muhuri wa mpira wenye maneno CHANZO HAKIJABAINIKA. Watu wazima, wenye makoti meupe na vyeo virefu kuliko majina yao, mmechoka kuandika kwa mkono kwamba hamjui, mkaagiza muhuri! Mimi nikisema jambo fulani ni siri ya Mungu, mnaniita mvivu wa kufikiri. Nyinyi mnagonga, mnatia sahihi, na wafiwa wanaelekezwa wakachukue nakala dirishani.

Kakako,
Mchungaji


27 Februari

Kwa Kaka Mchungaji,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimeketi wima, maana umeniandikia kana kwamba mimi ni watu mia tatu juu ya mabenchi. Niko peke yangu, Kaka, na chai yangu inapoa.

Mimi ni mzima. Nimehamishiwa ofisi isiyo na dirisha. Mkuu wa idara anasema wanaoletwa kwetu hawajali mandhari. Mwambie Mama goti lisifungwe kwa kitambaa kinachobana. Mwambie pia kwamba vumbi halijawahi kuua mtu mwenye miwani.

Umeugusa muhuri wangu, basi niruhusu niguse sanduku lako. Nilipokuja kwenu mwaka jana niliona mlangoni pa kanisa sanduku la maswali, zuri, lenye kufuli. Nikafurahi, nikasema kaka yangu amekomaa. Kisha nikakaa ibada nzima kusikiliza maswali uliyoyachagua. Inafaa mwanamume kuvaa kofia ndani? Mbwa wana roho? Kijana akipokea ujumbe wa simu katikati ya sala, asome au asisome? Yote uliyajibu kwa kishindo mpaka kipaza sauti kikapiga mluzi. Nilipotoka nikamuuliza mzee wa kanisa, "Na yale mengine huenda wapi?" Akasema, "Yale mazito Mchungaji huyaombea." "Mpaka lini?" Akaitazama kofia yake. Na kila mwaka sanduku likijaa mpaka halifungiki, waumini hupewa ile hotuba ya Siri za Bwana, ambayo nimeizoea mpaka najua mahali unapokohoa.

Tofauti yetu ni ndogo lakini naipenda. Mimi nikigonga muhuri, faili hurudi kabatini, na siku moja mwenye hadubini bora kuliko yangu atalifungua. Wewe ukisema siri, umefunga jambo, umeshukuru, na kwaya imesimama.

Ndiyo, Kitinda alinipigia. Nilimpa jibu la kitaalamu, nalo nina hakika amelielewa. Ila nimeona hukuniambia lako lilikuwa lipi. Umelisifu bila kulieleza, kama mpishi anayesifia mchuzi huku amekalia kifuniko.

Dadako


22 Machi

Dada,

Mama anakusalimu. Goti limefunguliwa kitambaa na sasa anasema lilikuwa na nafuu lilipofungwa. Fundi huja kila mwisho wa wiki akiwa na harufu ya gesi na zawadi ya barafu, ambayo hufika ikiwa maji.

Kuhusu mchuzi: nitafunua sufuria yangu utakapofunua yako. Nimeona nawe hukunukuu hata neno moja la jibu lako la kitaalamu, na wewe ni mtu anayenukuu hata maandishi ya chupa ya dawa.

Tuyaweke hayo kando kidogo. Hali ya Kitinda si nzuri. Ameacha kulala kitandani. Hujilaza kwenye kiti cha marehemu Baba, mgongo wima, mikono tumboni, kama mlinzi wa benki. Chakula anakigusa tu ili Mama asikasirike. Muuguzi wa kliniki alimpima shinikizo la damu akaguna. Akamwambia, "Mama, usipopumzika utajidhuru wewe na huyo aliye ndani. Ulale." Naye akajibu, "Nitalala nikishajibiwa." Muuguzi akacheka, akidhani ni utani. Mimi nilikuwepo, na sikucheka.

Nimempelekea mafuta niliyoyaombea. Aliyapokea kwa adabu, akayaweka karibu na chumvi. Kinamama wa kanisa wamejipangia zamu za maombi sebuleni kwa Mama. Nawe tuma chochote ulicho nacho. Tuma hata muhuri.

Kakako


30 Aprili

Kaka,

Nimechelewa kujibu. Ningesema ni kazi, na ingekuwa kweli nusu.

Nashukuru kwa habari za nyumbani, hata zile zilizonikosesha hamu ya kula. Shinikizo la damu, Kaka, halishuki kwa kupakwa paji la uso. Mwambie anywe maji na alale kwa ubavu. Tena zile zamu za maombi zihamishiwe kanisani, kwa sababu hakuna mjamzito aliyewahi kupumzika katika chumba ambacho wanawake saba wanamwombea apumzike.

Katika kifurushi hiki nimeweka kifaa kidogo. Hufungwa juu ya tumbo la mtoto kwa mkanda, na kisipohisi pumzi hulia king'ora. Kitumike mtoto akishazaliwa. Haki inanilazimu niseme kwamba haijathibitishwa kuwa vifaa hivi huzuia lolote; hata hivyo wazazi wengi hutulia wakiwa navyo.

Usinijibu kuhusu sentensi hiyo ya mwisho. Nimeisoma mwenyewe.

Dadako


18 Mei

Dada yangu mpendwa,

Nitaijibu sentensi hiyo, kwa sababu nimeingoja maisha yangu yote. Hakijathibitishwa kuzuia lolote, ila huwatuliza wanaokiamini! Umetuma mafuta, Dada. Mafuta yenye betri.

Mama ni mzima na amecheka sana wiki hii. Utaona kwa nini. Jumamosi mchana, Fundi alikuwa amelala kwenye kochi baada ya chakula. Kitinda akaona ni nafasi ya kukijaribu kifaa chako, akamfunga mumewe mkanda tumboni. Unalijua tumbo la Fundi. Lilipanda, likashuka, mkanda ukateleza, na kifaa kikaamua kwamba shemeji amefariki. Kikapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia hata kwenye mikesha ya vijana. Kinamama wa zamu walikuwa hapo hapo sebuleni, macho yamefumbwa. Kiongozi wao, akisikia mlio unaotoka chini ya shati la mwanamume aliyelala, hakutaka maelezo. Akainuka, akaelekeza kidole kwenye kitovu, akakemea: "Toka! Nakuamuru, toka sasa hivi!"

Fundi akazinduka. "Nitoke niende wapi, mama? Hapa niko ukweni!"

Wengine wakadhani ni pepo ndiye anayejibu, wakaongeza sauti. Mama akacheka mpaka akalishika goti. Nami nilicheka, nakiri, nikiwa nimejificha nyuma ya gazeti.

Kitinda hakucheka. Alikizima kifaa, akasimama katikati ya sebule, akasema, "Mmemaliza?" Kisha akanigeukia. "Kaka, siku ile ofisini kwako ulinijibu nini?"

Nikajitia kukunja gazeti.

"Basi nitasema mimi. Uliniambia, 'Hilo muulize dada yako. Elimu ya tiba imefika mbali, na Mungu ndiye anayewapa wataalamu maarifa.' Nikampigia dada. Dada akaniambia, 'Hilo muulize kaka yako. Kuna mambo hadubini haiyafikii, na yeye ana hekima ya kuyabeba.' Nimekulia katika nyumba hii nikiwasikia mnapigana vijembe mezani, kwenye simu, mpaka msibani kwa Baba. Mara ya kwanza mnakubaliana jambo, mmekubaliana kunikimbia."

Akarudi kwenye kiti, akaketi wima. Kinamama wakakusanya mikoba yao bila kuaga.

Kwa hiyo hongera, Dada. Sikujua kama nina hekima ya kubeba mambo. Nawe nadhani hukujua kama Mungu amekupa maarifa. Nimekuvika kilemba cha ukoka, nawe umenivika changu, na wote wawili tumependeza.

Kakako, mwenye hekima


9 Juni

Kaka,

Salamu kwa Mama. Mimi ni mzima, kwa maana ya hospitali: vipimo havina kasoro.

Kwa mara ya kwanza tangu tuanze kuandikiana sina kijembe cha kufungulia, na nimekitafuta. Kila alichosema ni kweli. Nilipopokea simu yake nilikuwa na maneno mengi ya Kilatini mdomoni, na ghafla nikaingiwa na heshima kubwa kwa kanisa. Ilinijia haraka, kama kigugumizi.

Niruhusu niseme wazi jambo tusilolisema. Mimi na wewe tulisimama mlangoni pa chumba kile tukiwa watoto. Hakuna aliyetuambia kitu. Baadaye wewe ukaenda kuuliza juu, na mimi nikaenda kuuliza ndani ya mwili. Tumeuliza kwa bidii, tumepewa makoti na majoho, tumerudi nyumbani mikono mitupu, kisha tukaificha mikono mgongoni na kuanza kuchekana.

Haya ndiyo ninayoyajua, uyasome bila kutia neno. Mtoto akilazwa chali, juu ya godoro gumu, bila mito wala mablanketi mengi, katika chumba kisicho na moshi wala joto kali, hatari hupungua sana. Haiishi, hupungua. Kwa nini watoto wachache, wazima kabisa, bado hulala wasiamke, hatujui. Tunadhani mambo matatu au manne, na kila moja lina kundi lake la maprofesa wasiosalimiana. Kama lililompata mwenzetu linaweza kumpata mwingine wa damu yetu, sijui. Sikumpima mimi. Na yeyote ambaye angempima wakati ule, naye angegonga muhuri.

Napendekeza hivi. Nitakuja mwanzoni mwa Julai. Tuingie wote wawili katika chumba kimoja, wewe bila kipaza sauti na mimi bila slaidi, tumwambie hatujui. Halafu tumwambie hayo ya kulaza chali. Kwa mpangilio huo, Kaka. Tukianza na ya kulaza chali, tutajificha humo.

Dadako


20 Julai

Kwa Daktari,

Mama ni mzima. Anauliza kama bado una njia ya kuja nyumbani au ramani imebadilika.

Nilikungoja kituo cha mabasi siku tuliyopatana, nikiwa nimevaa viatu vizuri, mpaka mpiga debe mmoja akanijia kwa huruma: "Mzee, umepotelewa na mtu?" Kisha ukaingia ujumbe wako wa simu. Kuna mkutano wa wataalamu. Umeombwa kusoma mada. Vifo vya watoto vyenye chanzo kisichobainika! Dada, umevuka mipaka ili uwaeleze wageni, mbele ya maua na chupa za maji, jambo usilolijua, ilhali mdogo wako alikuwa tayari kukusikiliza bure.

Nikaingia peke yangu. Alikuwa kwenye kile kiti, miguu imevimba. Nilikuwa nimejizoeza neno lako njia nzima: hatujui, hatujui. Ni neno fupi. Nikafungua kinywa, nikasikia sauti yangu inasema, "Mpendwa, katika safari ya maisha yapo mabonde..." Nilipofika bonde la pili akainua mkono.

"Kaka, shuka."

"Nishuke wapi?"

"Huko ulikopanda. Shuka, ukae hapa."

Nikakaa kwenye mkeka. Nikaanza kuhesabu mistari ya mkeka. Mama akaleta chai. Baada ya muda nikatazama saa, nikamwambia nina kikao cha wazee wa kanisa, nikaondoka. Hakukuwa na kikao chochote. Nilizunguka na gari kwenye uwanja wa mpira mpaka jua likanichoka, likazama.

Usidhani nimesimama juu ya kichuguu nikikutazama chini. Nami nimepangiwa kongamano la wachungaji mwishoni mwa Agosti, wiki ileile muuguzi anayoitaja kuwa ya kujifungua. Mada yangu ni Majibu kwa Nyakati Hizi. Imeshachapishwa kwenye mabango, na picha yangu ina kidole kilichoinuliwa. Cheka, nimekuruhusu.

Muuguzi anasema shinikizo likipanda tena watamlaza. Kama hutakuja, andika kwamba hutakuja. Hilo angalau unalijua.

Kakako


28 Agosti

Kaka,

Nakuandikia nikiwa mezani kwa Mama; barua hii ataileta Fundi, anayekuja huko kutengeneza jokofu la hoteli yenu ya kongamano. Wote ni wazima, na sasa wote ni mmoja zaidi. Ni mvulana. Amezaliwa salama, ana sauti kubwa, na hasikilizi mtu yeyote. Nadhani amekufuata wewe. Mama yake alilazwa siku tatu za mwisho kwa sababu ya shinikizo, na sasa limeshuka. Limeshuka kwa dawa, Kaka, nayaandika haya kabla hujapeleka ushuhuda mimbarini.

Nilifika walipokuwa wamesharudi nyumbani. Sikuomba ruhusa kazini. Niliacha koti kwenye kiti, nikaondoka. Nilimkuta Kitinda ameketi kwenye kiti cha Baba, mtoto kifuani, macho mekundu kama ya fundi wa kuchomelea. Hajamweka mtoto chini tangu azaliwe. Mama alikuwa mlangoni na chupa ya chai, akijifanya anatafuta kikombe.

Hakunisalimia. Alisema, "Kwa nini yule hakuamka?"

"Sijui," nikasema.

"Na huyu?"

"Sijui, mdogo wangu. Nadhani ataamka. Karibu wote huamka. Lakini ukinitaka niape, siwezi kuapa."

"Na kaka je?"

"Naye hajui. Amezoea kutojua kwa sauti kubwa tu."

Nikangoja hasira, na nilistahili. Akaanza kucheka, Kaka, cheko dogo la mtu aliyechoka, kisha likawa kilio, kisha likawa vyote viwili. Mama, bado anatafuta kikombe, akasema, "Mmesomeshwa kwa taabu kubwa kuja kusema neno ambalo ningewafundisha jikoni."

Ndipo nikamweleza ya kulaza chali. Akanisikiliza, kwa sababu sasa hakunishuku tena kwamba namficha kitu. Akauliza maswali mazuri: godoro gani, joto kiasi gani, mpaka lini. Nikayajibu niliyoyaweza. Akaondoa mto mwenyewe. Kifaa changu tulikikuta jikoni karibu na mafuta yako, na tumeviacha hapo vifarijiane.

Kisha akasema, "Basi nishikie zamu." Akamlaza mtoto chali kitandani, akajilaza kando yake, na akalala kabla sijavuta kiti. Ilikuwa mchana kweupe, jirani anapasua kuni, na hakugeuka hata mara moja.

Nilikaa nikalitazama lile tumbo dogo likipanda na kushuka. Sikusali, usijipe matumaini. Ila sikuwa napima pia. Baadaye Mama akaja akasimama nyuma yangu. Unajua hajawahi kumtaja yule mtoto mbele yetu. Akainama, akaweka miwani yake vizuri, akasema taratibu, "Yule naye alikuwa akilala anakunja kidole gumba ndani ya ngumi. Hivi hivi."

Watoto wachanga wote hufanya hivyo, Kaka. Nilikuwa na maelezo yake mdomoni, mafupi na sahihi. Nikanyamaza, kwa sababu Mama hakuwa ameuliza.

Fundi akishamaliza jokofu lao, panda naye mrudi. Waachie mabango kidole chako. Zamu yangu inaisha Alhamisi mchana, na baada yangu nimekuandika wewe.

Dadako